Viatu Viwili vya Kushoto

Mie nauza viatu vya mtumba sokoni Wete, na kabla hujanisalimu nishakutazama miguu. Usinichukie, ndiyo kazi. Mwenye kisigino kilichopasuka nampa bei moja, mwenye hina mpya unyayoni nampa nyingine, na anayekuja na kandambili za kuazima namwambia karibu, kisha naendelea na shughuli zangu, maana huyo kaja kupiga soga. Mara nyingi nakosea. Kuna bwana alikuja kavaa kandambili moja ya kijani na moja nyeupe, nikamwacha asimame juani mpaka akachoka, akahamia meza ya jirani yangu akawanunulia viatu watoto wake wote na wa shemeji yake juu. Nilikasirika wiki nzima, tena nilimkasirikia yeye. Mtu ana pesa zake, kwa nini asivae vizuri tukamjua?

Basi hii ninayosimulia ni habari ya viatu, na ya mlango wangu, na ya namna mtaa mzima wa Jadida ulivyoniozesha bila mahari.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda, nikatoka eda, mabinti wakaolewa Unguja, nikabaki na nyumba ya vyumba viwili na kandambili zangu peke yake mlangoni. Kwetu mlango unasomwa. Mtu hapigi hodi kabla hajatupa jicho chini kuona kuna viatu vya nani, vya kike au vya kiume. Akikuta vya kiume asivyovijua, mwanamume mwenye adabu hugeuka akarudi wakati mwingine. Mwanamke mwenye adabu hujitanda vizuri khanga yake kwanza, na asiye na adabu husogea karibu asikilize. Mlango wangu mie ulikuwa unasomeka tangu barabarani: mjane, yuko peke yake, karibuni.

Wakati huo alikuwapo bwana mmoja, fundi cherehani, mshona kanzu, ambaye naye alikuwa kafiwa na mkewe. Alikuja mezani kwangu kutafuta makubadhi. Makubadhi hayaji na mtumba, lakini huwa naweka machache mapya kwa ajili ya wazee na maharusi. Alijaribu yote, akachagua ya kwanza aliyoyashika, na ukanda ukawa umelegea kidogo. Nikaushona palepale kwa uzi mwekundu, kwa kuwa mweusi ulikuwa umeniishia. Yeye mshonaji mzima alikaa ananitazama nashona, wala hakunisahihisha hata mara moja, na mie nilijua vizuri kwamba mishono yangu ilikuwa imepinda. Hapo ndipo nilipoanza kumweka moyoni.

Akawa anapita kila baada ya siku chache, mara ukanda umebana, mara umelegea. Siku moja katikati ya maneno ya bei ya karafuu akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Kaka yako bado yuko Micheweni?"

Mgeni akisikia hivyo atadhani bwana kaulizia njia. Kwetu, mwanamume aliyefiwa akimuuliza mjane kaka yake yuko wapi, keshasema yote. Anataka kujua posa aipeleke mlango gani. Nikamjibu kwamba kaka yupo, na baada ya Idi huwa hatoki sana. Akasema vyema, akaondoka, na mie siku ile nilimuuzia mtu viatu vya mpira kwa bei ya ngozi na sikujua hata nilivyofanya.

Sasa mwezi wenyewe wa Ramadhani, mchana kweupe, jirani yangu wa ng'ambo ya njia akaibiwa mtungi wa gesi. Alikwenda mazishini, akarudi akakuta jiko limekaa peke yake. Habari ikafika Micheweni kabla machozi hayajamkauka, na kaka yangu akanipigia simu. Akaniambia nifunge virago niende nikakae kwake, kuna chumba nyuma ya nyumba. Chumba kile nakijua. Upande mmoja kuna mbuzi na upande wa pili kuna mke wake mdogo, na kati ya hao wawili mbuzi ndio wenye heshima. Nikamwambia siendi, nina biashara yangu. Akapandisha hasira, akasema nyumba ya mwanamke peke yake si nyumba, kama siendi basi niweke mwanamume ndani. Nikamwambia haya, nitaweka.

Na nikaweka. Katika robota langu la mwisho la mtumba kulikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vikubwa, soli nene, viatu vya mtu anayelipwa mshahara. Tatizo lao ni kwamba vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto. Wenzao wa kulia Mungu ndiye ajuaye waliko, labda kuna mwanamke mwenzangu Tanga au Mombasa naye anavyo viwili vya kulia, anatukana peke yake. Nilikuwa nimevitupa chini ya kitanda. Nikavitoa, nikavipaka tope kidogo kwenye soli, nikaviweka mlangoni mbele ya kandambili zangu.

Nilimlea bwana yule kwa adabu. Kila asubuhi nikimgeuza kidogo, leo kaelekea njiani, kesho kaelekea ukutani. Ikinyesha mvua namwingiza ndani. Na Ijumaa, kabla ya adhana, namwondoa kabisa mlangoni, maana viatu vya mwanamume vikionekana nyumbani wakati wa sala ya Ijumaa, hiyo ni aibu ya mume, ya mke na ya waliowazaa. Mwizi akija atajua kuna mwanamume, na mtaa nao utajua kuna mwanamume anayeswali.

Mwizi hakuja. Waliokuja ni majirani, kwa macho. Jirani yangu wa ng'ambo, yule wa mtungi, alipita mara ya kwanza akasita. Mara ya pili akapita na mwenzake. Kufika jioni, bombani walikuwa washaniozesha, kilichobaki ni kujua nani. Maneno yale niliyapata kwa vipande, na mengine nikayasikia mwenyewe nikiwa nyuma ya dirisha langu. Mmoja alisema si Mpemba, Mpemba gani anavaa viatu vya kamba nyumbani kwake, huyo katoka bara, tena mwalimu. Mwingine akasema mwalimu hana pesa ya viatu vile, huyo ni wa bandarini. Mwingine akavitazama visigino akatoa hukumu kwamba ni mtu mnene na anatembea kwa majivuno. Jirani yangu akakata shauri kwamba nimeolewa mke wa pili kwa siri, ndiyo maana bwana haonekani, akitoka anatoka alfajiri kabla mke mkubwa hajaamka. Na nilipotoka nikawasalimu, mmoja akaniambia nimenawiri.

Wanaangalia visigino, wanaangalia kamba, wanaangalia tope. Hakuna hata mmoja katika Jadida nzima aliyeona kwamba viatu vyote viwili ni vya kushoto! Mtu akishaamua anachokiona, macho yanakwenda kupumzika.

Na si Jadida tu. Nyuma ya nyumba ya kaka yangu Micheweni kuna ukuta wa mawe uliobomoka nusu. Mgeni yeyote akiuona huuliza, na yeyote aliye karibu hujibu kwamba ni wa Mreno, maana kwetu kila jiwe lililokaa juu ya jiwe na kuota majani ni la Mreno. Watu hupigwa picha pale. Ukuta ule aliujenga baba yangu, wa banda la mbuzi, na mawe aliyabeba kaka yangu mwenyewe kichwani akiwa kijana, akilia. Siku hizi na yeye akiulizwa anasema ni wa Mreno. Nilipomkumbusha akaniambia labda baba aliujenga juu ya ule wa Mreno.

Sokoni nako mambo yakageuka. Wateja wangu wa zamani, wanawake waliokuwa wakinionea huruma kidogo katika bei, sasa wakawa wananikamua. Nikitaja bei wanacheka. Weye sasa una mwenyewe, wananiambia, unahangaikia nini, tupunguzie. Mume wa ngozi tupu, asiyeleta hata kibaba cha mchele, akawa ananila faida yangu.

Lakini niseme kweli yangu. Jioni moja nilirudi sokoni nimechoka, kichwa kinaniuma, nikafika mlangoni nikaviona viatu vile vimekaa, na moyo wangu ukaruka. Kwa dakika ile nilisahau. Nikasema asalaam aleikum, kwa sauti ile ya mtu anayejua kuna wa kumwitika. Nikangoja. Kisha nikakaa barazani nikacheka, nikalia kidogo, nikaingia kupika. Ndipo nilipojua kwamba si mwizi ninayemuogopa, naogopa kuuzoea ukimya ule.

Idi ikaja, ikapita. Kaka yangu hakupata mgeni. Nikampigia simu, nikamuuliza habari za mbuzi, za mke mdogo, za mwani, mpaka akaniuliza nina nini. Hakuna mtu aliyekwenda. Na fundi wangu hakupita tena mezani. Nikampa udhuru wa wiki ya kwanza, watu wana kanzu nyingi za kushona. Wiki ya pili nikasema labda anaumwa. Wiki ya tatu nikapita njia ya muuza vitumbua, mwanamke mzuri, kaachwa na mumewe, ana mikono laini ya mafuta, na mlangoni kwake nikaona makubadhi yenye uzi mwekundu uliopinda.

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Uzi wangu mwenyewe. Kumbe ukanda ulikuwa unalegea kwangu na unakazwa kwingine. Tangu siku hiyo nikimwona fundi mbali nageuza uso, nikisikia salamu yake naitika kwa meno. Na yeye akawa anaitoa kwa meno vilevile, nikazidi kuudhika, maana mkosa ni yeye, ananinunia nini?

Basi ikaja Ijumaa ambayo robota langu lilikwama Chake Chake. Nilikwenda kulifuata asubuhi nikiamini nitarudi mapema, nikarudi watu washatoka msikitini. Viatu viko mlangoni. Vilikaa pale adhana yote, hotuba yote na sala yote, vimeelekea njiani, kila aliyekwenda msikitini kaviona na kila aliyerudi kaviona tena.

Nilikuwa sijavua baibui, jirani yangu keshaingia na bakuli la uji wa mchele. Mtaa, kwa hisani yake, ulikuwa umekataa kuamini kwamba nimeolewa na mtu asiyeswali, ukaona bora awe mgonjwa. Jirani akaninong'oneza nimpe ukiwa wa moto. Ningesemaje? Nikisema hakuna mtu, maneno yatafika kwa mwizi kabla ya magharibi. Nikisema yupo, nimejiozesha kwa ulimi wangu. Nikapokea bakuli. Uji ulikuwa na tui na iliki, na mie sikuwa nimepika. Niliunywa wote.

Kumbe nimejichimbia kisima. Wiki nzima watu wakimuulizia hali. Nikawa najibu alhamdulillahi, ambayo si uongo. Ijumaa ya pili ikanikuta nimebanwa: nikiviingiza ndani, maana yake bwana kapona na kaenda msikitini, na msikitini sasa wangemtafuta kila safu. Nikiviacha, bado mgonjwa. Nikaviacha. Sikujua kwamba mgonjwa wa Ijumaa mbili anastahili kutembelewa.

Walikuja baada ya sala, watatu. Mbele imamu wetu, mtu mpole mwenye sauti ndogo, kabeba machungwa. Wa pili mzee wa Vitongoji, mgeni, mwenye mtoto wa jicho, aliyekuja Wete kutibiwa macho, na kila mtu alikuwa akimheshimu kwa umri wake. Na wa tatu, kasimama nyuma kidogo, fundi wangu cherehani. Nilipomwona yeye damu ilinipanda mpaka masikioni. Hata kumzuru mume wangu unakuja?

Nikasimama mlangoni, sikuwakaribisha wala sikuwafukuza. Ng'ambo ya njia dirisha la jirani yangu likafunguka taratibu. Imamu akatoa salamu, akaomba dua ya mgonjwa, mzee akaitikia amina. Kisha imamu akaniuliza kwa upole kama bwana ataweza kusogea barazani, au wamwombee hapohapo alipo. Nikamtupia fundi jicho, kainamisha kichwa. Nikadhani anaona haya, na nikasema moyoni, bora uone.

Kumbe alikuwa anavitazama viatu. Alichuchumaa, akakigeuza kimoja kwa kidole, akakiweka. Akageuza cha pili. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Shehe," akasema, "bwana wa nyumba hii ana miguu miwili ya kushoto."

Imamu, masikini, akadhani huo ndio ugonjwa wenyewe. Akasema Mwenyezi Mungu amponye, hakika ni mtihani.

Hapo nikashindwa. Nikawaambia hakuna bwana, kuna viatu. Nikawaambia vimewekwa kwa ajili ya wezi, na mtaa umevikalia kitako ukavipa kazi, kabila na mke mkubwa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kutazama kwa kuwa washajua tayari. Nilisema mengi, mengine nikiyaelekeza dirisha la ng'ambo. Kisha nikamgeukia fundi, ambaye alikuwa bado anacheka, machozi yanamtoka.

"Na weye usinicheke. Makubadhi yako yanalala kwa muuza vitumbua."

Kicheko kikakatika. Akaitazama miguu yake, na mie, mtazama miguu wa soko zima, kwa mara ya kwanza tangu Idi nikaitazama. Alikuwa kavaa kandambili za bluu zilizokatwa ncha kwa kisu, zile za msikitini za kuingilia chooni, zinakatwa ili zisiibiwe. Nilikuwa nageuza uso kwa hasira kila nikimwona, sikuwahi kufika chini. Akasema makubadhi yake yalichukuliwa mlangoni mwa msikiti siku za mwisho za Ramadhani, na aliyeyachukua aliacha mengine makuukuu, bado yako pale ukingoni yanamsubiri mwenyewe.

Mzee wa Vitongoji akainama, akausogeza uso karibu kabisa na miguu yake. Akapapasa ukanda, akaufuata uzi kwa kidole.

"Haya?" akauliza. "Mie naona yananibana tangu Ramadhani. Nikadhani miguu imevimba, nikaacha chumvi."

Muuza vitumbua ni binti yake wa kumzaa. Mwezi mzima nyumba ile ilikuwa inakula mchuzi usio na chumvi kwa ajili ya makubadhi ya mtu mwingine. Imamu aliweka machungwa chini akakaa barazani bila kukaribishwa, kacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mie sikucheka. Nilikuwa namtazama fundi, naye ananitazama. Akaniambia polepole kwamba siku ya Idi alikuja na sahani ya halua, akafika mpaka hapa, akaona viatu, akageuka. Leo kaomba mwenyewe kufuatana na imamu. Alitaka kumwona huyo mtu, akijue alichomzidi.

Kisha akaiweka sawa kanzu yake, na mbele ya imamu, na mbele ya mzee aliyeshika makubadhi mkononi, na mbele ya dirisha la ng'ambo, akaniuliza tena lile swali.

"Kaka yako bado yuko Micheweni?"

"Yupo," nikamwambia. "Na wiki hii hatoki."

Dirishani kwa jirani sauti ikasema, si aliwaambia, lisemwalo lipo. Imamu akafuta macho, akamjibu kwamba na kama halipo, laja.

Likaja. Kaka yangu alitaja mahari ya kutisha, akawapeleka wazee waliokuja kuposa kuutazama ukuta wa Mreno, wakarudi wameridhika. Siku ya harusi mlango wangu ulijaa viatu hata pa kukanyaga pakakosekana, na mume wangu akatoka msikitini akiwa na makubadhi yake mkononi, asije akaibiwa tena.

Vile vya kushoto nimevirudisha chini ya kitanda. Na juzi nimerudi sokoni magharibi, mzigo kichwani, kichwa chenyewe kinauma, nikaona mlangoni makubadhi yenye uzi mwekundu, moja limelalia ubavu kama kawaida yake. Nikasema asalaam aleikum. Ndani cherehani ikasimama, na sauti ikaniitikia.